Hesabu ya Ndege wa Kila Siku

Mhadhara kwa umma, Kakamega



Waandalizi waliniomba nizungumzie utazamaji wa ndege katika ardhi oevu za pwani na katika hifadhi. Mnaona wenyewe shida iliyopo. Kutoka hapa hadi Bahari ya Hindi ni kuvuka nchi nzima, na ndege tunaojivunia sisi ni wa msituni, si wa ufuoni. Hata hivyo sikukataa, kwa sababu mito inayopita katika msitu wetu haiishii hapa. Isiukhu, upande wa kaskazini, huingia Nzoia. Yala, upande wa kusini, hushuka kutoka Nandi, hupenya msitu, kisha huteremka hadi Siaya na kujimwaga katika mafunjo ya Kinamasi cha Yala, ardhi oevu ya maji baridi iliyo kubwa kuliko zote nchini Kenya. Mvua itakayonyesha Shinyalu leo jioni itapita chini ya miguu ya ndege ambao hawajawahi kuuona mti mmoja wa msitu huu. Kwa hiyo nitaanza msituni, nitaruka hadi Kilifi, kisha nitarudi kwa njia ya mto.

Nina hoja moja tu. Ndege adimu hutuletea wageni, na wageni ni wazuri. Lakini ndege wa kila siku, akihesabiwa na watu wale wale, mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka, ndiye anayetupa ushahidi. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu anayelala hapa siku tatu. Ni yetu, na tumeizembea.

Msitu wa Kakamega ni ncha ya mashariki ya misitu ya mvua iliyowahi kutanda kutoka Afrika Magharibi na Kongo. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa kuhifadhiwa mwaka 1933, wakati watu walikuwa bado wanafurika huku kutafuta dhahabu. Leo upande wa Buyangu uko chini ya Shirika la Wanyamapori, na upande wa Isecheno chini ya Huduma ya Misitu. Ndani yake wameandikwa ndege wa aina zaidi ya 300. Mgeni kutoka Ulaya au Marekani huja na orodha yake tayari: shorobo mkubwa wa buluu, keremkerem mwenye kichwa cha buluu, na kile kidege kidogo cha kijivu chenye mshipi mweusi kifuani, ambacho vitabu hukiita kwa jina la Turner. Hicho cha mwisho huishi juu kabisa kwenye vilele vya miti, na hapa Kenya kinajulikana katika msitu huu na ule wa Nandi Kusini tu. Mgeni hukaza shingo saa mbili, hukiona kwa sekunde nne, hutia alama, hunywa chai, huondoka. Sina ugomvi naye. Amemlipa mwongozaji, amelipia kitanda, na pengine amenunua mkungu wa ndizi barabarani. Tatizo ni sisi kudhani kwamba hivyo ndivyo ndege wanavyotazamwa.

Ukitaka kujua kazi hii ni ipi hasa, weka darubini kando uanze na siafu.

Asubuhi iliyofuata mvua, kwenye njia nyembamba za Isecheno, utaona majani makavu yakitikisika na hakuna upepo. Ni jeshi la siafu limetoka kuwinda. Limetanda mita kadhaa kwa upana, na mbele yake panzi, mende na buibui wanakimbia kuokoa roho zao. Simama kando, suruali umeichomeka ndani ya soksi, la sivyo utacheza isikuti bila ngoma. Ukitulia dakika tano utagundua kwamba siafu hawako peke yao. Ndege wa kahawia mwenye koo jeupe ameshuka kwenye kijiti, kimo cha goti kutoka chini. Anamdaka mende aliyekuwa akikimbia, anarudi kijitini, anatikisa mkia. Anafuata mwingine, utosi mweupe, kifua rangi ya chungwa. Kisha wawili watatu ambao huwaoni, unasikia tu mluzi wao mfupi kichakani. Ndege hawa hawali siafu wenyewe. Wanachokula ni wadudu wanaowakimbia siafu, na wapo miongoni mwao wanaolitegemea sana jeshi hilo.

Kuanzia mwaka 2001, watafiti wa Kenya na Ujerumani waliokuwa katika mradi wa BIOTA walifanya kazi ndefu katika msitu huu, na ndege hawa wa siafu walikuwa sehemu ya kazi hiyo. Walikuta kwamba msitu ukikatwakatwa vipande na kuharibiwa, makundi yanayofuata siafu hupungua. Sasa fikirini: ndege hao si adimu. Hakuna mgeni anayepanda ndege kutoka London kwa ajili yao. Lakini ndio wanaokueleza kama sakafu ya msitu ni nzima au la, na hawakuelezi kwa asubuhi moja. Leo siafu wamepita hapa, kesho wamehamia ng'ambo ya kijito. Anayepajua mahali ni yule anayepita kila juma.

Hondohondo naye ni vivyo hivyo. Yule mkubwa, mweusi na mweupe, mwenye pembe juu ya mdomo, mbawa zake husikika kabla hajaonekana, na kila mtoto wa Khayega anamjua. Wakati wa kutaga, jike huingia katika shimo la mti na kuliziba mlango kwa udongo anaoletewa na dume, akiacha ufa tu. Hukaa humo miezi kadhaa, na dume humlisha matunda kupitia ufa huo, hasa ya mikuyu. Shimo la ukubwa huo halipatikani katika mti wa miaka ishirini. Kwa hiyo anayehesabu jozi za hondohondo zinazotaga, bila kujua, anahesabu miti mizee iliyobaki. Dume akifa katikati ya msimu, kwa manati au kwa risasi, jike na kinda wako ndani wanangoja chakula.

Nifike kwa kasuku, kwa sababu ndiye anayeniuma.

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu alikuwa mwenyeji hapa. Katika Kenya nzima, Kakamega ndiko kulikokuwa nyumbani kwake. Alihitaji miti ile ile mizee yenye mashimo, na miti hiyo ilikatwa kwa mbao na makaa. Makinda yake yalitolewa mashimoni yakauzwa, kwani ndege anayeiga sauti ya binadamu hana bahati. Kufikia mwisho wa karne ya 20 walikuwa wamebaki wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2016 kasuku huyu aliorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari kubwa ya kutoweka, na mwaka huo huo nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini. Kwa Kakamega, marufuku hiyo ilikuja watu wameshatawanyika matangani.

Waulizeni wazee watano walimsikia kasuku lini mara ya mwisho, mtapata majibu matano. Mmoja atasema kabla ya uchaguzi fulani, mwingine alipozaliwa kitinda mimba wake. Nendeni basi kwenye madaftari ya wageni. Mtakuta: wawili, Isecheno, asubuhi. Mtakuta: mmoja, akiruka. Aliyemwona ameandika. Je, asiyemwona? Orodha ya mgeni humwandika aliyekuja, haimwandiki aliyekosekana. Kasuku alipungua mbele ya watu waliojua sauti yake tangu utotoni, na hakuna aliyekuwa na desturi ya kuandika, Jumamosi baada ya Jumamosi: leo kasuku, sufuri.

Pwani wana mifano miwili ambayo ingefaa tuwaige bila haya.

Wa kwanza uko Mida, hori la mikoko kusini ya Malindi, jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke. Maji yakitoka, matope hujaa vitwitwi waliokuja kutoka Siberia, na pamoja nao yupo ndege mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene, anayekula kaa, ambaye huzaliana katika mashimo ya mchanga huko Uarabuni na Ghuba. Shirika la A Rocha Kenya lilijenga daraja la mbao kupitia mikoko, na kibanda cha kujibanza mwishoni mwake. Anayepita hulipa. Fedha hizo, chini ya mpango ulioanza mwaka 2001, husaidia kulipa karo ya sekondari kwa watoto wa vijiji vinavyozunguka msitu na hori. Mtoto akijua kwamba mla kaa amechangia karo yake, huna haja ya kumhubiria.

Mfano wa pili ndio ninaoupenda zaidi. Nyuma ya Malindi, ndani ya Kaunti ya Kilifi, kuna pori liitwalo Dakatcha. Huko, na katika Arabuko-Sokoke, anaishi mnana ambaye hapatikani penginepo duniani. Sayansi ilimpa jina mwaka 1913. Vitabu viliandikwa, picha zikachorwa, wataalamu wakaja na kuondoka, na kwa karibu miaka 100 hakuna aliyejua anataga wapi. Mnana, jamani! Ndege ambaye kwa kawaida hufanya kelele za harusi nje ya kiota chake. Mwaka 2013 viota vikapatikana: katika kinamasi cha msimu humo humo Dakatcha, kilichojaa maji baada ya mvua, vikiwa vimesukwa kwenye nyasi za majini. Waliokuwa mstari wa mbele katika msako huo ni wanakijiji wa kikundi cha uhifadhi cha Dakatcha, wakishirikiana na wataalamu. Walijua ni vidimbwi vipi hujaa, na hujaa lini. Kinamasi kile kikikauka hakionyeshi dalili yoyote kwamba ni mahali pa maana. Ni uwanda wa nyasi tu. Ukija mwezi usio wake utaapa kwamba hapana kitu.

Nairobi nako wana desturi moja. Tangu mwaka 1971, kila Jumatano asubuhi watu hukutana Makavazi ya Kitaifa na kwenda kutazama ndege, na aliyeianzisha safari hiyo ni mama Fleur Ng'weno. Jumatano zote hizo nyingi zilikuwa za kawaida kabisa: shore, chozi, kunguru, mwewe. Halafu kuna hesabu ya Januari. Tangu 1991, watu wa kujitolea wamekuwa wakienda maziwa ya Bonde la Ufa kila mwaka kuhesabu ndege wa maji. Maziwa yalipoanza kufurika kuanzia mwaka 2010 hivi, na chumvi ya Nakuru ikapungua, heroe wakahamia kwingine. Kila mtu aliliona hilo kwa macho. Ila kusema wamepungua kiasi gani, na kulinganisha na mwaka upi, kuliwezekana tu kwa sababu kuna waliokuwa wakiloa matope kila Januari kabla ya balaa kuanza.

Wazee wangu, nyinyi hamkuhitaji kufundishwa na Nairobi. Mtegaji wa isindu, yaani tombo, alikuwa nani kama si mtazamaji wa ndege? Aliwafuga tombo wake katika vikapu, akavining'iniza kwenye mti mrefu, akaenda kulala. Alfajiri wale wa kikapuni wanaimba, wale wapitaji wanashuka nyasini, na mitego inawangoja. Mtu huyo alijua mwezi wa tombo, alijua saa yao, alijua mvua ipi huwaleta na ipi huwafukuza. Angekuambia mwaka huu wamekuwa haba kuliko mwaka wa njaa fulani, na angekuwa sahihi. Alikula hesabu yake, ni kweli, lakini hesabu alikuwa nayo. (Ile homa ya mayai ya tombo ya mwaka 2013, watu wakauza ng'ombe wanunue vizimba, bei ikaporomoka mwaka uliofuata, tuiache. Wapo humu ukumbini waliopata hasara, na sitaki kuwatonesha kidonda.)

Sasa tushuke na mto.

Kinamasi cha Yala ni mafunjo, na ndani ya mafunjo kuna ndege wasioishi kwingine. Mmoja ni mweusi mgongoni, mwekundu wa damu kifuani, utosi wa manjano. Dume na jike huimbiana kwa zamu hivi kwamba asiyejua hudhani ni ndege mmoja. Ukifyeka mafunjo, huyo hahamii mtini. Katika Ziwa Kanyaboli, pembeni ya kinamasi, bado kuna ngege, samaki aliyekuwa chakula cha kila nyumba kandokando ya Ziwa Victoria kabla ya mbuta kuletwa. Mafunjo huchuja udongo unaoshuka na mito, na udongo huo, tusidanganyane, ni wetu. Ni wa mashamba ya Kakamega, Vihiga na Nandi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, sehemu kubwa ya kinamasi imekuwa ikigombaniwa kwa kilimo kikubwa, kuanzia mpunga. Kila mara hoja ni ile ile: pale ni pori tupu.

Msicheke, kwa sababu na sisi tunalisema neno hilo hilo kuhusu mabonde yetu madogo. Kila kijiji hapa kilikuwa na bonde la maji chini ya mteremko, la matete na udongo wa kufinyangia. Humo ndimo korongo taji, yule wa bendera ya Uganda, alimotaga mayai yake mawili au matatu juu ya rundo la nyasi. Tangu mwaka 2012 ameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka. Bonde likachimbwa mfereji, likapandwa mikaratusi, kwa sababu nguzo za stima na mbao za ujenzi zina soko na korongo hana. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya vyanzo vya maji. Tembeeni kutoka hapa hadi Malava mkaone agizo hilo lilifika wapi.

Simlaumu mwenye nusu ekari na watoto sita. Ninachosema ni kwamba bonde linapogeuzwa hakuna mwenye daftari la kuonyesha palikuwa na nini. Na asiye na daftari hujibu kwa hasira tu, nayo haina fomu ya kujazwa ofisini.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inadai mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, na inampa mwananchi nafasi ya kupeleka maoni yake kwa maandishi. Maoni mengi yanayopelekwa ni malalamiko. Malalamiko ni haki, ila mtaalamu aliyelipwa na mwenye mradi ataandika kwamba alitembelea eneo siku mbili, mwezi wa kiangazi, na hakuona ndege wa maana. Jibu la hoja hiyo ni kurasa za miaka minane zilizoandikwa na watu wanaoishi pale, zenye tarehe na idadi. Wa Dakatcha wangeweza kumjibu mtu huyo: bwana, ulikuja mwezi usio wake.

Basi tufanyeje? Vijana wa Isecheno waliounda kikundi cha KEEP miaka ya 1990 kufundisha shule za jirani walishaonyesha kwamba mwenyeji anaweza kuwa mwalimu wa msitu wake. Hatua inayobaki ni ndogo. Chagua njia moja ya kama kilomita moja: ukingo wa Isiukhu, bonde la shule yenu, mpaka wa msitu na chai. Ipite mara mbili kila mwezi, uanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwendo wa kichifu. Andika saa uliyoanza na uliyomaliza, kama kulikuwa na mvua, na kila ndege uliyemwona au kumsikia, pamoja na idadi. Jina la Kiluhya linatosha. Kitabu cha picha kitatafutwa baadaye. Usimruke kunguru. Usimruke shore kwa sababu ni shore. Njiwa nao ni ndege. Na wale ambao bonde lenu linastahili kuwa nao, korongo taji kwa mfano, waandikie sufuri siku wasipokuwapo.

Mwenye simu nzuri anaweza kupeleka orodha yake kwenye mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, unaoendelea tangu 2013. Nchi imegawanywa katika miraba ya kilomita tisa hivi kila upande, na kinachotakiwa ni angalau saa mbili za kutazama kwa makini na orodha kamili isiyobagua. Asiye na simu, daftari la shule litafaa, mradi lisikae nyumbani kwa mwalimu mmoja. Mwalimu akihamishwa, daftari huhama naye. Likae maktaba ya shule, liwe na watu watatu wanaojua liko rafu gani.

Mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni kabla hatujaanza, akaniuliza: "Mwanangu, hao ndege watatulipa nini?" Nilimwahidi kumjibu mbele ya watu. Mama, pesa ni chache. Wachache watapata kazi ya kuongoza wageni, na wale wanaojua sauti watalipwa vizuri kuliko wanaojua njia tu. Shule moja mbili zinaweza kupata mpango kama wa Mida, zikiutafuta. Zaidi ya hapo sitakuahidi kitu, maana mmeshaahidiwa vingi katika ukumbi huu. Daftari litakalojazwa halitamlisha mtu. Litawekwa mezani siku afisa atakapouliza bonde lenu lina kitu gani, na siku hiyo huenda ikawa mwaka ujao au isifike kabisa.

Nimeleta madaftari kidogo, yako juu ya meza karibu na mlango. Yana mistari ya kawaida; mtajichorea wenyewe. Maswali sasa, nikianza na yule kijana aliyeinua mkono tangu nilipomtaja siafu.